Naomba ushauri: pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kuhuisha leseni) hazitoshi, nipo wodi ya akili ya wazee

Taa_ya_Wodi: Wakuu, mimi ni muuguzi, mwaka wa sita wodi ya akili, wengi ni wazee. Nahitaji kozi fupi ya mtandaoni ya kuhudumia wazee, ya bure, inayoisha kabla ya Alhamisi. Usingizi sina.

Kisiki: Kwani Alhamisi kuna nini? Leseni inaisha siku hiyo?

MamaWawili: Umenikumbusha bibi yangu, Shinyanga. Macho mekundu kwa moshi wa jikoni, akaanza kusahau majina na kutoka nje usiku. Majirani wakaanza kunong'ona. Baba alimhamishia Mwanza usiku uleule. Someni jamani, huko wazee wameuawa kwa mambo hayohayo.

Kisiki: Pole dada. Mleta uzi, Alhamisi kuna nini?

Taa_ya_Wodi: Haya, niseme. Cheti cha kozi ya wazee ninacho. Nilimlipa jamaa elfu thelathini, sikuhudhuria. Inchaji kakiona kwenye faili, kaniambia Alhamisi niwafundishe wenzangu kutofautisha demensia (ule ugonjwa wa kusahau) na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Msinihukumu. Tunaingia zamu wawili, wagonjwa arobaini, na semina wanapelekwa walewale kila mwaka. Slaidi nimeshaanza kunakili.

Mtumishi_wa_Bwana: Mwizi wa kuku na mwizi wa pointi, wote wezi tu. Katubu.

Bodaboda_PhD: Slaidi ya kwanza: "Asanteni kwa kunisikiliza." Kaa chini.

Sista_Mstaafu: Mdogo wangu, achana na slaidi. Demensia huja polepole, miezi na miaka. Ile ya ghafla huja kwa saa au siku, tena hupanda na kushuka: asubuhi anakuita kwa jina, usiku ananyofoa nyuzi za shuka akidai ni wadudu. Usikimbilie sindano ya kutuliza, haloperidoli. Shika tumbo, kibofu kimejaa? Choo kapata lini? Pima joto, sukari, mkojo. Uliza dawa mpya, uliza maji anakunywa? Mimi nilimchoma sindano mzee wa watu, kumbe mpira wa mkojo umeziba. Mwongozo wa afya ya akili wa WHO, unaitwa mhGAP, toleo la 2016, upo bure na demensia imo. Usome.

Jicho_la_Tatu: ID imefunguliwa leo, uzi wa kwanza, halafu anatokea mstaafu na somo zima mkononi. Hii chai, tena na maandazi. Hawa ni mtu mmoja.

Sista_Mstaafu: Nina miaka 64, mwanangu. ID moja tu yanishinda.

Taa_ya_Wodi: Ya zamani ina jina langu, ningeandika haya kwa ile? Chai gani! Mzee wa kitanda cha nne ananyofoa shuka tangu juzi. Alikuja anatembea mwenyewe. Tumemwandikia demensia. Habari ya choo hatujamuuliza.

Kisiki: Na usiku huu uko zamu?

Taa_ya_Wodi: Niko zamu.

Sista_Mstaafu: Weka simu chini.

Bodaboda_PhD: Wakati anamshika mzee tumbo, huyo jamaa wa elfu thelathini anapatikana wapi? Naulizia shemeji.