Diski ya USB inajikata yenyewe kwenye Linux: naomba ushauri

Mpigapicha_Kadutu: Ndugu zangu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya picha hapa Kadutu, Bukavu, na kazi za wateja ninazihifadhi kwenye diski ya nje ya USB. Ninaponakili picha nyingi, diski hutoweka ghafla na kurudi kwa jina jingine. Iliyokuwa sdb inakuwa sdc, na faili zilizokuwa njiani huharibika. Mstari wa mwisho wa dmesg (orodha ya ujumbe wa mfumo wa Linux) ni huu:

[812345.072] usb 1-2.3: device descriptor read/64, error -71

Jumamosi natakiwa kukabidhi picha za harusi. Je, niondoe Linux nirudi Windows?

Yaya_Ibanda: Mdogo wangu, tuanze na harusi yenyewe. Picha za watu zinakaaje kwenye diski moja tu? Binamu yangu alipoteza picha za ubatizo wa mwanawe kwa namna hiyo, na mpiga picha yule hadi leo hapiti mtaa wetu. Nunua diski ya pili.

Kerneli_Himbi: Huo ni usimamizi wa nishati. Kifaa kisichotumika hulazwa, na diski nyingine haziamki vizuri. Ongeza usbcore.autosuspend=-1 kwenye vigezo vya kuwashia mashine.

Fundi_Ruashi: Ndugu wa Himbi, diski inayokatika katikati ya kunakili haijalala. Kosa -71 ni hitilafu ya mawasiliano, na mara nyingi chanzo chake ni waya mbovu au umeme usiotosha. Mwenye mada, diski umeichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta?

Mpigapicha_Kadutu: Waya ni mzima. Naomba tujibu swali la Windows.

Fundi_Ruashi: Sikuuliza waya. Mstari wako unasema 1-2.3, na nukta hiyo kwa kawaida inaonyesha kwamba kuna habu (kigawanyi cha matundu ya USB) katikati.

Mpigapicha_Kadutu: Ipo habu yenye matundu saba, isiyo na adapta yake, ambayo wateja pia huchajia simu. Msinilaumu: fedha ya simu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na mtu wa kuniwekea Windows tumeshapatana bei.

Fundi_Ruashi: Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na habu isiyo na umeme wake hupaswa kukipa kila kifaa miliampea 100 tu, wakati diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka yaweza kudai zote 500 au zaidi. Windows haitakuongezea hata miliampea moja.

Mzee_Bagira: Samahani, mimi mada hii siiamini. Ile 812345 ni sekunde tangu mashine iwashwe, yaani zaidi ya siku tisa. Ni nani hapa Bukavu aliyekaa siku tisa bila umeme kukatika? Labda studio hiyo iko ndani ya bwawa la umeme la Ruzizi.

Kerneli_Himbi: Mzee ana hoja. Huenda mstari umenakiliwa mahali pengine.

Mpigapicha_Kadutu: Mzee wangu, ni kompyuta ya mkononi yenye betri, na umeme ukikatika inakula sola. Ndiyo maana wateja huleta simu kwangu.

Mzee_Bagira: Basi sola yako ni nzuri kuliko habu yako. Endelea.

Mpigapicha_Kadutu: Sasa nimeichomeka diski ubavuni mwa mashine na inanakili vizuri, lakini mtu wa Windows anakuja kesho, na simu za watu sijui nizipeleke wapi.

Fundi_Ruashi: Simu zichajiwe moja kwa moja kwenye sola kwa adapta ya USB, hazina sababu ya kupita kwenye kompyuta. Nakili kwanza harusi kwenye diski ya ndani, kisha, ikiwa diski ya nje ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux), ishushe kwa amri ya umount ndipo uikague kwa amri ya fsck, kwa sababu imekatwa mara nyingi ikiwa inaandikwa. Mtu wa Windows mwambie asubiri hadi harusi ikabidhiwe.

Yaya_Ibanda: Na diski ya pili?