Naomba ushauri: uso wa saa ya babu upakwe upya au uachwe na madoa yake?

Mjukuu_wa_Mzee
Wakuu, habari zenu. Nina saa ya mkononi ya marehemu babu, Omega Seamaster ile inayojijaza yenyewe ukitembea. Babu alimwachia baba, na baba kanipa mimi mwaka huu. Mashine ni nzima. Fundi ameifungua akasema inataka kusafishwa na kutiwa mafuta tu, na kwa ndani imeandikwa 354.

Shida ni uso. Ulikuwa wa rangi ya fedha, sasa umekuwa njano kama barua iliyokaa sandukuni. Kuna doa la kahawia limeanzia usawa wa kitufe cha kuzungushia likatambaa kuelekea katikati. Kijiti cha saa nne nacho kimeng'oka, kinazurura humo ndani, ukiitikisa unakisikia.

Fundi anasema anaweza kuupeleka huo uso ukakwanguliwa, ukapakwa na kuandikwa upya, "utarudi kama wa dukani". Kaka yangu anasema nakawia nini. Mimi roho inasita na sijui kwa nini. Mliopitia hili mlifanyaje?

Chuma_cha_Kale
Kabla ya yote, mkuu, saa nne ipi? Saa nne tunayoisema sisi, au pale panapokaa namba 4? Moja iko juu kushoto, nyingine iko chini jirani na kitufe.

Mjukuu_wa_Mzee
Hahaha. Saa nne asubuhi. Juu kushoto.

Chuma_cha_Kale
Sawa, basi kiko mbali na doa, huenda kimeachia kwa uzee tu. Ushauri wangu: usipake. Uso ukishakwanguliwa hakuna kurudi nyuma, ila usiopakwa leo unaweza kupakwa hata miaka kumi ijayo ukibadili mawazo. Na acha kuivaa mpaka hicho kijiti kitolewe. Kikijipachika chini ya mshale wa dakika, saa itasimama, na kikiendelea kuzunguka humo kitachora uso wote.

Bi_Tiki
Mimi nawapinga. Ya kwangu niliipaka upya na sijuti hata kidogo. Rangi ilikuwa imebanduka magamba magamba, jina la saa halisomeki, nusu ya uso ni shaba tupu. Sasa naivaa kila siku. Hao wanaolilia "uasilia" wengi wao saa zao zinalala kabatini. Kama huna mpango wa kuiuza, fuata moyo wako.

Lenzi_Mfukoni
Bi Tiki, ya kwako ilikuwa imekufa, ndiyo tofauti. Ya kwangu ilikuwa na madoa tu kama ya mleta uzi, nikakubali ipakwe. Siku mbili nilikuwa na furaha. Ya tatu nikaichungulia kwa lenzi, na tangu hapo nikitaka kujua ni saa ngapi macho yanaanzia kwenye herufi.

Herufi za kiwandani ni nyembamba, kingo zake kali. Za kwangu zimevimba kama zimeandikwa kwa kalamu inayovuja. Vistari vya dakika havikutani sawasawa na vijiti, cha saa moja kimepita pembeni kabisa. Na yale maandishi madogo ya "Swiss Made" pale chini ukingoni, mpakaji hakuyaandika. Labda hakuyaona, maana nusu yake hufichwa na kasha. Mnunuzi anayejua saa atayaona hayo kabla hujamaliza kumsalimia, na bei inashuka hapohapo.

Kama ni lazima upake, mwambie fundi akuonyeshe kazi alizokwisha kufanya, uzitazame kwa lenzi. Picha ya mbali haikusaidii kitu.

Kijana_Mtanashati
Mbona rahisi, pamba na dawa ya meno tu. Mimi kioo changu kiling'aa.

Fundi_Mstaafu
Kijana, dawa ya meno ni ya kioo cha plastiki, tena upande wa nje. Usoni ni msiba. Uso kama huo chini ni shaba, juu yake fedha, halafu vanishi nyembamba sana, na maandishi ni wino tu. Pamba yenye maji matupu inaweza kuondoka na neno zima la Seamaster. Nimewahi kuletewa saa ambayo mwenyewe kaisafisha nyumbani: uso unang'aa kama kijiko, jina hakuna.

Sasa mleta uzi. Hiyo 354 ni mashine ya zamani. Seamaster ilianza 1948, na mashine za namna hiyo Omega walianza kuziacha katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo saa yako ni ya humo katikati. Unjano unaouona si uchafu, ni vanishi imezeeka. Doa lilianzia kwenye kitufe kwa sababu unyevu uliingilia pale. Mpira wa kuuzuia umekauka, basi. Ukipaka uso bila kubadili mpira, utapata doa lilelile kwenye rangi mpya.

Halafu kioo. Kioo cha plastiki cha umri huo nacho hupiga njano na kujaa mikwaruzo, na mtu hulaumu uso kwa makosa ya kioo. Ning'arishie hicho kwanza, au badilisha, kisha utazame uso mchana kweupe.

Kijiti kina vimiguu viwili vinavyoingia kwenye matundu ya uso. Kinarudishwa, kinashikwa kwa tone la gundi kwa nyuma. Hakuna haja ya kupaka uso mzima kwa ajili yake.

Nina swali moja, na hili si la urembo: kuna nukta za kijani au kahawia kwenye vijiti, au rangi ya namna hiyo ndani ya mishale?

Mjukuu_wa_Mzee
Zipo, mzee wangu. Nukta ndogo kila kijiti, na katikati ya mishale pia. Gizani haziwaki.

Fundi_Mstaafu
Basi chukulia kwamba ni radiamu, ile metali yenye mionzi. Miaka ile ndiyo iliyotiwa kwenye rangi za kuwaka. Usidanganyike kwa kuwa haiwaki: kilichochoka ni ule unga uliokuwa ukitoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 kupungua nusu. Saa ikiwa imefungwa na kioo chake, ivae bila hofu. Hatari ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Mwenye kukwangua uso huo anakwangua na hizo nukta, kwa hiyo muulize fundi wako kama analijua hilo. Akikucheka, chukua saa yako uondoke. Na wewe usiifungue na kisu mezani unapolia chakula.

Lenzi_Mfukoni
Hili la radiamu hata mimi sikuambiwa. Mungu amsaidie aliyenipakia.

Mjukuu_wa_Mzee
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tano. Nilimuuliza fundi kuhusu nukta. Hakucheka, alinyamaza, kisha akasema bora wasiziguse. Mashine imesafishwa, mpira mpya, kioo kimeng'arishwa, kijiti cha saa nne kimerudi kwao. Uso haukuguswa.

Nusu ya unjano ilikuwa kioo kweli! Doa lipo palepale, ila sasa jina linasomeka hadi mkia wa herufi ya mwisho. Kaka kasema bado chafu. Jumamosi kaniazima aende nayo harusini.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Nikipunga mkono kwa ghafla nasikia kitu kinagonga ndani, tok, tok. Kijiti si kimeshabandikwa?

Fundi_Mstaafu
Huo si kijiti. Ule uzito unaoijaza mashine hiyo ukitembea hauzunguki mduara mzima, unakwenda unagonga springi upande huu, unarudi unagonga ya upande wa pili. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ikiacha kugonga ndiyo uje hapa utuulize.