Nyundo na mundu kwenye mkanda wa Kihindi: hii nembo ni ya nani?

Kanda_Mbili (Tanga)

Wakuu, salaam. Nina swali ambalo mke wangu amenikataza kulirudia mezani, kwa hiyo nalileta kwenu.

Mimi hukusanya nembo za kampuni za filamu. Filamu zenyewe hazinishughulishi sana. Nazitaka zile sekunde za mwanzo ambazo kwenye kibanda cha video wenzangu walikuwa wakipiga kelele "peleka mbele!" Simba wa MGM, mlima wa Paramount, yule mama wa Columbia na mwenge wake, ngao ya SB ya Shaw Brothers waliyoiga kwa Warner bila hata kuona haya. Nina kaunta buku ambamo kila nembo naichora kwa kalamu za rangi, naandika imetoka mkanda gani, sauti yake ikoje, inachukua sekunde ngapi. Sharti langu ni moja: nembo isiyotoka kwenye mkanda nilioushika kwa mkono wangu haiingii daftarini. Za YouTube kila mtu anazo. Mpaka leo zimefika 61.

Sasa wiki iliyopita tumefungua sanduku la marehemu mjomba. VHS nane, mbili zimeliwa na ukungu hazifai kitu. Kwenye mmoja uliosalimika kuna karatasi imeandikwa kwa bik: KIHINDI – NARGIS, yule mwigizaji wa kike wa filamu za Kihindi. Nikauchomeka kwenye deki. Chenga kwanza, chenga, halafu picha ikakaa, nyeusi na nyeupe. Nyundo na mundu! Kabisa, kama bendera ya Urusi ya zamani, na herufi M hapo hapo. Ikaja sauti ya mwanamume, nzito, anasema kwa mapozi kama anayesoma shairi. Neno pekee nililolidaka ni "laki".

Nikasogea karibu nisome majina ya wachezaji. Bup! Harusi ya binamu yangu, 1994. Mtu karekodi juu yake. Filamu nzima imekwenda, imebaki nembo tu.

Kwa hiyo, wakuu: hii nembo ni ya nani? Na hiyo laki ni pesa au nini?

---

Chugaboy_79

Mkuu hiyo ni Mosfilm ya Urusi. Mjomba alikosea kuandika karatasi, au mkanda ulibadilishana kava. Nyundo na mundu ni za Mosfilm, hakuna mwingine. Funga uzi.

---

Kanda_Mbili

Chuga, Mosfilm ninayo, ni namba 38, nilipewa mkanda na mwalimu mmoja aliyesoma kule enzi za Wasovieti. Ile ni sanamu ya watu wawili, mwanamume kashika nyundo na mwanamke kashika mundu, wameinua juu. Ni kazi ya Vera Mukhina, ilisimama kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1937 kabla ya kuwa nembo. Hii yangu haina mtu hata mmoja. Halafu Mrusi gani anasema "laki"?

---

Chugaboy_79

Sawa, nafungua uzi 😂

---

Mzee wa Mashine (Unguja)

Vijana, salamu. Mie nilikuwa chumba cha mashine pale sinema ya Majestic, Vuga, tangu sijaota ndevu. Hiyo nembo nimeipitisha kwenye taa mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Ni Mehboob Productions ya Bombay. M ni Mehboob Khan mwenyewe, Muislamu wa Gujarat, kampuni yake kaianzisha 1943. Kijana yule katoka kijijini hana kitu, na filamu zake nyingi zina mkulima na mwenye mali wanavutana, basi nyundo na mundu usizishangae.

Na hiyo sauti ni ubeti wa Kiurdu. Maneno ya kwanza ni *muddai laakh bura chaahe*. Sikiliza vizuri, nusu yake unaijua. "Muddai" ndiye mdai wetu huyu huyu, anayekushitaki, mbaya wako. Na "laakh" ni laki yetu, mia elfu, tumeichukua huko huko kwa Wahindi. Maana yake: mbaya wako akutakie mabaya laki nzima, itakuwaje? Linalokuwa ni lile aliloliridhia Mungu. Basi, hapo filamu inaanza.

Mie sijaona nembo nyingine yenye alama ya makomunisti na jina la Mungu ndani ya pumzi moja. Ukumbini kwetu mtu akiisikia hakusema kitu, lakini wazee walikuwa wakiitikia kwa kichwa.

Jambo jengine utie daftarini. Mehboob alipotengeneza Mother India, 1957, ikapelekwa Marekani kushindania Oscar. Nakala iliyokwenda huko ikatolewa hiyo nembo, isije ikawaudhi. Filamu ikafika mpaka kwenye tano za mwisho, ikakosa. Nyundo waliivua na zawadi hawakuipata.

---

Kanda_Mbili

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nimesimama.

Nimerudi kusikiliza na kweli, baada ya kuelezwa, "muddai" inasikika waziwazi. Mwanzo nilisikia "mudai" nikadhani masikio yangu yanaleta Kiswahili tu.

Mbili naomba kuuliza. Filamu itakuwa ipi, kama karatasi inasema Nargis? Na kwa nini nembo karibu zote nilizonazo zina mikwaruzo mingi kuliko filamu yenyewe? Hii imechanika kwa mistari utafikiri mvua inanyesha, na sikumbuki filamu ya Kihindi iliyokuwa mbovu hivyo katikati.

---

Mzee wa Mashine (Unguja)

Marahaba. Naanza na la pili maana ndilo langu.

Filamu haikuja kipande kimoja. Ilikuja rili nyingi ndani ya makopo, na mashine tulikuwa nazo mbili. Moja ikimaliza, unawasha ya pili kabla watu hawajapiga miluzi. Kila rili ina kichwa na mkia. Kichwa ndicho unachokishika kwa vidole, unakipitisha kwenye meno ya mashine, kikikatika unakipunguza unakiunga. Kikianguka, kinaburura sakafuni pamoja na mchanga wa viatu. Na nembo inakaa wapi? Kichwani mwa rili ya kwanza. Katikati ya rili hakuguswi na mtu. Kwa hiyo hiyo mvua yako ni vidole vyetu sisi, kutoka Bombay mpaka ilipofika kwako. Vyangu labda vimo.

Kuhusu filamu: Mother India ni ya rangi, Aan ya 1952 nayo ya rangi, na Nargis humo hayumo. Kama ni nyeusi na nyeupe na yumo Nargis, mie naweka shilingi yangu kwa Andaz, 1949. Humo yumo Nargis na Dilip Kumar na Raj Kapoor, wote watatu. Iko Humayun pia, ya 1945, lakini hiyo wenye nayo wachache.

---

Nuru_Kariakoo

Jamani kumbe! Mwaka huo huo 1949 ndio Raj Kapoor alitoa Barsaat, na nembo ya kampuni yake, RK, imetoka humo: mwanamume mkono mmoja violini, mkono mwingine mwanamke kaegemea. Mwanamke ni Nargis. Kwa hiyo dada huyo mwaka mmoja yuko chini ya nyundo na mundu ya Mehboob, na huku anageuzwa nembo ya kampuni nyingine. Kanda_Mbili, RK unayo?

---

Kanda_Mbili

Namba 7. Violini niliikosea, nimeichora kama gambusi. Sijaifuta.

---

Fundi_Vichwa

Naingilia kama fundi wa deki. Mkuu, umesema mikanda miwili ya sanduku hilo ina ukungu, halafu huu uliokaa nao pamoja umeuchomeka moja kwa moja. Usirudie. Ukungu unahamia kwenye kichwa cha deki, na kutoka hapo unaupaka kila mkanda utakaofuata, pamoja na hizo 61 zako. Fungua kava, angalia kama kuna unga mweupe pembeni ya mkanda uliojiviringisha. Kama upo, usafishe kwanza kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, taratibu. Kichwa cha deki kisafishe kwa spiriti, na usikisugue juu na chini, kitakatika. Kisha hamishia kwenye kompyuta mara moja tu, ukiwa umeshajiandaa kurekodi, sio "ngoja nijaribu".

Na kuna jambo sikutaka kulisema lakini wewe ni mtu wa daftari. Filamu ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde. Mikanda yetu ni ya mfumo wa video wa PAL, picha 25. Wakati wa kuhamisha walikuwa wanaiendesha filamu haraka kidogo ili ilingane. Kwa hiyo nembo ya sekunde 15 ukumbini, kwako ni 14 na nukta nne, na sauti imepanda kidogo. Ile tarumbeta ya nembo ya kampuni ya Fox uliyokua nayo ni nyembamba kuliko waliyoirekodi.

---

Kanda_Mbili

Fundi, safu nzima ya sekunde? Kurasa zote?

---

Fundi_Vichwa

Zile zilizotoka kwenye filamu, ndiyo. Zilizotengenezwa kwa video tangu mwanzo haziguswi. Pole.

---

Kanda_Mbili

Wakuu, narudisha majibu.

Unga mweupe ulikuwepo, kidogo, upande mmoja. Nimesafisha kama fundi alivyoelekeza, ikanichukua saa mbili na shingo mpaka sasa inauma. Nimehamisha, iko salama.

Halafu nikabeba kompyuta mpaka Chumbageni kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mjomba, nimuulize kama anakumbuka kaka yake alikuwa na filamu gani. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Sikumwambia kitu, nikabonyeza tu. Sauti ikasema "muddai laakh" na yeye, macho yako kwenye ungo, akaumaliza ubeti wote mpaka "Khuda hota hai". Kwa lafudhi ya Tanga, lakini neno kwa neno.

Nikamuuliza, mama, unajua maana yake? Akaniambia, si ndiyo dua ile ya kufungulia senema. Kumbe usichana wake alikuwa akienda onyesho la wanawake, wao wenyewe bila wanaume, buibui zimejaa ukumbi mzima, na walikuwa wakiusema ule ubeti kwa pamoja na mashine. Miaka yote hiyo anajua ni dua, na hakuna aliyemwambia vingine. Mimi pia sikumwambia.

Akauliza, "Nargis yuko wapi?" Kabla sijajibu ikaingia harusi ya 1994. Akaweka ungo chini. Yupo yeye mstari wa mbele, kanga ya waridi, anacheza, na pembeni yake watu wanne ambao hawapo tena. Nilipotaka kurudisha nyuma kwenye nembo alinishika mkono.

Tumeiangalia harusi mpaka mwisho, saa nzima na dakika ishirini. Namba 62 nimeichora leo asubuhi. Kwenye safu ya sekunde nimeacha wazi.