Kunenepesha kondoo kwa mashudu na pumba hapa Dodoma: je, kunalipa?

Mfugaji, Chamwino
Habari zenu wafugaji wenzangu. Nina madume kumi na mawili ya kondoo wa kienyeji, mengi yakiwa na uzito wa kilo 20 hivi, na nakusudia kuyalishia zizini kwa siku 75 badala ya kuyaachia malisho ya kiangazi, ambayo ikifika Agosti huwa yamekwisha. Mabua ya mtama ninayo. Mashudu ya alizeti na pumba za mahindi nitanunua. Naomba kujua kama gharama hiyo hurudi.

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa
Hurudi, lakini piga hesabu kabla ya kununua hata gunia moja. Kondoo wa kienyeji aliyelishwa vizuri anaweza kuongezeka gramu 80 kwa siku, yaani kilo 6 katika siku zako 75. Ukimpa gramu 300 za mchanganyiko wa pumba na mashudu kila siku pamoja na mabua, atakula kilo 22.5, ambazo ni karibu kilo 4 za chakula cha kununua kwa kila kilo moja ya uzito anaoongeza. Linganisha basi bei ya kilo 4 za mchanganyiko na bei ya kilo moja ya kondoo hai katika mnada wenu. Zikikaribiana, ongezeko la uzito peke yake halitakulipa, na faida yako itategemea tofauti ya bei kati ya kondoo aliyekonda na aliyenona.

Kwa sababu hiyo, nunua mashudu mara baada ya mavuno ya alizeti, viwanda vidogo vinapokamua kwa wingi, kisha uyahifadhi pakavu juu ya chaga. Yaliyoota ukungu usiyalishe kabisa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, ni jambo ambalo mkoa wetu umelifahamu kwa uchungu tangu mwaka 2016. Changanya sehemu mbili za pumba na moja ya mashudu, uanze na gramu 100 na kuongeza polepole kwa wiki mbili ili matumbo yazoee. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na madume hupata mawe ya mkojo kwa urahisi, hivyo weka chokaa ya mifugo kidogo, chumvi, na maji safi muda wote. Madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuku au nguruwe yaepuke, kwani kondoo hudhurika upesi na madini ya shaba. Dawa ya minyoo itangulie yote hayo. Bila hiyo utakuwa unalisha minyoo.

Mchuuzi wa mifugo, Dodoma mjini
Naongeza la sokoni. Katika minada yetu mingi kondoo huuzwa kwa kukadiria kwa macho, na mnunuzi hushika mgongo na mkia kabla ya kutaja bei, kwa hiyo mnyama aliyejaa hupata bei ambayo mizani isingempa. Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kabla ya Idi ya kuchinja, kwa kuwa mnyama aliyedhoofika sana, kilema au mgonjwa hafai kwa udhuhia. Sikukuu hiyo hutangulia kwa siku zipatazo 11 kila mwaka, hivyo hesabu siku zako kurudi nyuma kutoka hapo, na usingoje siku ya mwisho, wakati wauzaji wote wameleta.

Mfugaji, Chamwino
Nashukuru sana. Shambani kwetu kuna migunga inayoangusha matunda mengi. Je, yanaweza kupunguza mashudu?

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa
Yanaweza, na kwa mfugaji wa Chamwino hapo ndipo penye nafuu kubwa kuliko yote niliyoandika juu. Yaokote yangali makavu na uyatwange kabla ya kulisha, kwa sababu protini nyingi imo ndani ya mbegu, na mbegu ngumu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima. Anza kwa kubadilisha theluthi moja ya mashudu, uwapime kondoo kila wiki mbili, na ukiona uzito hauongezeki rudisha mashudu.