Ramani ya setilaiti ni ya kijani, lakini mahindi hayana punje: tatizo liko wapi?

Afisa ugani, Dodoma
Ndugu wanajukwaa, ninafuatilia mwenendo wa mazao kwa fahirisi ya uoto, yaani NDVI. Mwishoni mwa Februari ramani ilionesha wilaya yetu ikiwa na uoto mzuri kuliko wastani wa miaka iliyopita, ilhali nikimenya hindi shambani naona gunzi lenye punje za kuhesabika. Niandike nini katika taarifa?

Mchambuzi wa hali ya hewa
Andika ulichokiona shambani. Pikseli moja (kijimraba kimoja cha picha) ya MODIS, kihisi kilicho kwenye setilaiti za NASA, yenye mita 250 kila upande, hubeba takriban ekari 15, hivyo shamba la ekari 2 humezwa na vichaka na magugu, ambayo hustawi kwa mvua yoyote ile. Chuja kwanza eneo la mashamba peke yake. Setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, itakufaa, ingawa mawingu ya Januari huifunika mara kwa mara.

Kuhusu mvua, usijumlishe msimu mzima. Takwimu za CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayounganisha setilaiti na vituo vya ardhini, zinazoanzia mwaka 1981, zitazame kwa kila siku 10. Kanda ya kati ina msimu mmoja tu, na ukavu wa Februari ukiyakuta mahindi yanatoa mbelewele na ndevu, uchavushaji huharibika huku majani yangali mabichi. Setilaiti huona majani.

Mdau kutoka Kitui
Huku Kenya, NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, hutumia VCI, fahirisi inayolinganisha uoto wa sasa na viwango vya chini na vya juu vilivyowahi kurekodiwa mahali hapo. Chini ya asilimia 35 huhesabiwa kuwa ukame. Kwa malisho inafaa sana. Kwa mahindi ningechagua WRSI, kipimo kilichoasisiwa na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ambacho hulinganisha maji ambayo zao limeyapata na yale liliyoyahitaji katika kila hatua ya ukuaji. Kwa kawaida msimu huhesabiwa umeanza zikinyesha milimita 25 ndani ya siku 10, kisha angalau 20 katika siku 20 zinazofuata.

Afisa ugani, Dodoma
Nashukuruni sana. Hapo kwenye mwanzo wa msimu ndipo penye utata, kwa kuwa baadhi ya wakulima walirudia kupanda Januari. Nitakusanya tarehe za kupanda kijiji kwa kijiji, na mtama nitauhesabu peke yake, maana wenyewe bado umesimama vizuri.