RTX 3070 kwenye kesi ya wastani, joto la Mtwara: feni zake, feni za 120, blowa au maji?

Chikongola3D
Wakuu, habari za mchana. Kadi ya picha (GPU) ya kompyuta yangu ni RTX 3070 ya feni mbili, kesi ya wastani, mbele kioo kitupu. Chumba hakina AC, juu bati. Saa nane kipimajoto kinasoma nyuzi 33. Nikirenda picha za 3D nusu saa kadi inafika 84, hotispoti (sehemu ya chipu yenye moto zaidi) 105, feni zinalia kama mashine ya kusaga. Nafasi ya kadi ni milimita 360. Njia ninazoziona: kurekebisha hewa ya kesi tu, kuvua kava ya kadi na kufunga feni mbili za mm 120, kubadilishana nipate kadi ya blowa (feni moja inayosukuma moto nje kwa nyuma), au kupoza kwa maji kwa rejeta ya mm 240. Ipi inafaa huku kwetu?

FundiLigula
Usinunue kitu bado. Fungua ubavu wa kesi, renda dakika 15, usome tena. Joto likishuka nyuzi 6 au zaidi, kesi inaibana kadi. Likishuka 1 au 2, tatizo liko kwenye kadi yenyewe.

Halafu tazama pengo kati ya joto la kadi na hotispoti. Kawaida ni 10 hadi 15. Lako ni 21, maana yake pesti (ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu) imekauka au imesukumwa pembeni ya chipu. Feni hata sita haziponyi hilo.

Na usilinganishe namba zako na za video za Ulaya, chumba chao kina nyuzi 21. Toa joto la chumba kwanza: 84 kutoa 33 ni 51. Hiyo 51 ndiyo ya kulinganisha. Hata hapa hapa, kipimo cha wakati wa kusi na cha wakati wa kaskazi ni vitu viwili.

Mitwero_PC
Feni za 120 zinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, ila pima kabla ya kuvua skrubu hata moja. Feni ya kawaida ina unene wa mm 25, za kadi zina kama 15. Kutoka mapezi ya hitisinki (chuma cha kupozea chipu) hadi kava ya pawa saplai unahitaji hiyo 25 pamoja na angalau 20 za kuvutia hewa. Chini ya hapo feni inanyonya bati, na utapata makelele bila baridi.

Chukua feni za kusukuma kwa nguvu, mfano Arctic P12 PWM, siyo zile za urembo wa taa. Utahitaji waya wa kubadilisha pini ndogo 4 za kadi kwenda pini 4 za kawaida, wenye matawi mawili. Ukichomeka feni kwenye ubao mama, zitafuata joto la prosesa, kadi ikiungua zenyewe zimetulia. Zifunge kwa kamba za plastiki zinazopita kwenye mapezi, na usiguse skrubu nne zinazobana chipu. Waranti ndiyo basi.

Binti_Shangani
Blowa sikushauri. Sifa yake ni kutoa moto nje kupitia nyuma, kweli, inasaidia kesi finyu. Lakini tundu la kuvutia hewa ni moja na mapezi yake yamebanana. Vumbi na unyevu wa chumvi vikichanganyika vinakuwa kama udongo mbichi humo ndani, na kulisafisha lazima ulifungue lote. Kelele sitaji.

Kwa wote walio karibu na bahari: kesi isitazame dirisha. Weka chujio mbele, ulioshe kila wiki mbili, likauke kabisa kabla ya kurudisha. Ukipuliza kadi, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Kompresa ya gereji isiyo na kichujio cha maji inatema matone; usiikaribie.

MnaziBay_Mod
Mbona maji mnayakimbia? 3070 inakula wati 220, rejeta ya 240 inazibeba kimya kabisa.

FundiLigula
@MnaziBay_Mod chipu itapoa, sikatai. Memori na vidhibiti vya umeme vya kadi je? Bloku ya maji ya kubandika inagusa chipu tu. Vingine vinataka vihitisinki vyao na feni ya kuvipulizia. Tena 3070 haikuonyeshi joto la memori, utajua siku picha inapovunjika vunjika. Rejeta mm 27 na feni 25 zikifungwa mbele zinakula 52, kwa hiyo 360 yake inabaki 308. Na maji hayashuki chini ya joto la chumba, ambalo tayari ni 33.

Chikongola3D
Nimefungua ubavu: 76, hotispoti 96.

FundiLigula
Basi ni yote mawili. Kwanza toa kile kioo cha mbele au kibadilishe kwa wavu, feni mbili za 140 zivute mbele, moja ya 120 itoe nyuma. Pili badilisha pesti. Pedi za memori (vipande laini vya kupitisha joto) zikichanika, pima unene wa zile za zamani. Ukiweka ya 2.0 palipokuwa na 1.5, hitisinki haikalii chipu na joto linaruka hadi 90 ndani ya sekunde chache. Skrubu nne kaza kwa mshazari, kidogo kidogo.

Tatu, bure kabisa, punguza umeme wa chipu kwa programu ya MSI Afterburner: Ctrl+F, chagua milivolti 900, ipandishe hadi MHz 1,850, sawazisha mstari kuanzia hapo. Renda saa nzima. Ikiganda, shusha MHz 30 ujaribu tena.

MnaziBay_Mod
Kwa kelele bado nasimama na maji. Ila kama kioo hakijatolewa, hata rejeta itavuta nini?

Mitwero_PC
@Chikongola3D ukishafungua kwa ajili ya pesti, pima kabisa ile nafasi ya chini. Ikifika 45, nitakuelekeza waya.