Kikundi cha mtaa: korongo, mchango na kiti cha mwenyekiti

*WAKAZI WA MTAA, DODOMA (Hoja na Matangazo)*

Mama Neema: Mbukwenyi. Mwenyekiti shikamoo. Oktoba hiyo inaisha, Desemba mvua, na korongo la kwenye mwembe halijaguswa. Boza la maji litapita wapi?

Baba Daudi: Kura tulimpa yeye. Atuambie.

Mwenyekiti: Marahaba mama. 🎤 4:12

Mwalimu Mstaafu: Andika, mwenyekiti. Sauti ya dakika nne inakula bando na kesho hakuna atakayeitafuta.

Mwenyekiti: Sawa mwalimu. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara wa taifa. Mtaa hauna greda wala fungu la barabara. Ambacho mtaa unacho ni mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na muhtasari wa mkutano huo. Muhtasari ukisema korongo ni kipaumbele namba moja, unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na sisi wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Ukitoka hapo unaingia Jiji. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo bajeti inapikwa miezi hii. Hoja ikija Machi inakuta sufuria limeshaoshwa.

Baba Daudi: Jiji hili lina kata 41. Sisi tutaonekana?

Mwenyekiti: Kata 41 na mitaa 222, na kila mmoja una korongo lake. Ndiyo maana orodha ya mambo kumi na mbili haisaidii. Mkutano ukileta vipaumbele kumi na viwili, anayekata bajeti anachagua kilicho rahisi kwake. Leteni viwili, vyenye vipimo.

Mama Neema: Na mvua ya Desemba hii hii?

Mwenyekiti: Hiyo ni barua ya dharura, inapitia kwa mtendaji wa kata kwenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Ila barua ya "barabara yetu ni mbovu, tunaomba msaada" mnaijua inakoishia. Iandikwe: jina la barabara, inaanzia wapi inaishia wapi, korongo lina upana wa mita ngapi, kina mita ngapi, mita ngapi za barabara zimeliwa, kaya ngapi zinakatwa, wanafunzi wangapi wanavuka. Picha mbili: moja mtu amesimama ndani ya korongo ili kina kionekane, nyingine kutoka mbali. Na nakala ya muhtasari.

Mtendaji wa Mtaa: Nakala ibaki ofisini ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na mhuri wa mapokezi ni kama haikuandikwa. Ukienda kufuatilia utaambiwa haikufika, na huna cha kuonyesha.

Jirani Mhandisi: Naongeza kwenye vipimo, maana nimeona watu wanasema "tuwekewe kalavati", yaani njia ya maji chini ya barabara. Korongo la pale ni pana, lina kitako cha mchanga, na maji yake yanakuja mara moja kwa nguvu halafu yanakauka. Mabomba ya milimita 600 yataziba mchanga mvua ya pili, na mtu hawezi kuingia kuyazoa. Kama ni bomba, lisiwe chini ya milimita 900. Lakini kwa korongo la namna ile ombeni drifti, yaani sakafu ya zege inayofuata kitako cha korongo, maji yanapita juu yake na gari linapita maji yakipungua.

Mama Neema: Kwa hiyo mvua ikinyesha hatuvuki?

Jirani Mhandisi: Mtasubiri saa moja au mbili maji yapungue. Kalavati lililoziba linawazuia msimu mzima, halafu maji yanazunguka pembeni na kukata barabara upya. Makalavati mengi hapa Dodoma hayavunjiki, yanakimbiwa na maji. Na drifti haifi juu, inafia upande wa chini, pale maji yanapodondoka na kuchimba. Lazima kuwe na ukuta unaoshuka ardhini na mawe yaliyopangwa mbele yake. Hiyo ndiyo sehemu fundi wa haraka anairuka kwa sababu haionekani.

Fundi Ujenzi: Na zege liwe 1:2:4. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo tengeneza boksi la lita 35: boksi mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji lita 25 hadi 28, basi. Kwa uwiano huo mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi. Jua la hapa na upepo wake linakausha zege juu kabla ya ndani: funika magunia mabichi, mwagia asubuhi na jioni siku saba. Mchanga wa korongoni una udongo. Weka kwenye chupa na maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tope nene juu, osha au nunua mwingine.

Baba Daudi: Basi tuchange tujenge wenyewe. Tunasubiri nini?

Mwenyekiti: Polepole hapo. Hifadhi ya barabara si yetu. Tukimwaga zege bila TARURA kuchora na kuridhia, siku wakipitisha greda wanaling'oa na hakuna wa kumdai. Tunaweza kuchangia mawe, mchanga na nguvu kazi, wao waweke simenti na usimamizi. Hilo linakubalika, na barua yenye "wananchi tutatoa mawe tripu kadhaa na vibarua" inasogea kuliko inayoomba kila kitu.

Mama Lishe wa Kona: Sasa na huyu aliyepita kwangu jana na daftari la elfu tano tano ni wa nani? Alisema katumwa na balozi.

Mwalimu Mstaafu: Balozi wa shina ni wa chama. Tangu vyama vingi viruhusiwe 1992 hana nafasi katika Serikali ya mtaa, hata kama watu bado wanampelekea ugomvi wa ndoa. Serikali ya mtaa ni mwenyekiti na wajumbe watano wa kamati, kati yao wanawake wasiopungua wawili. Mtendaji ni mwajiriwa na ndiye katibu.

Mwenyekiti: Mchango wowote wa mtaa una ishara nne. Mkutano uliupitisha na upo kwenye muhtasari. Kiasi na mwisho wake vimetajwa. Unapewa stakabadhi. Fedha inaingia akaunti, si kwenye simu ya mtu. Kikikosekana kimoja, mama, funga daftari lake na umkaribishe chai tu. Na jambo moja ambalo wengi wanateleza nalo: mchango usipitishwe kwenye "mengineyo". Saa hiyo nusu ya watu wameshaondoka, na waliobaki wanapiga makofi ili waende nyumbani. Kesho yake unawadai watu mia ambao hawakusikia.

Mtendaji wa Mtaa: Mahudhurio yaambatishwe: jina, namba ya simu, sahihi. Muhtasari uoneshe ajenda, hoja, azimio, nani atatekeleza na lini. "Wananchi waliomba barabara itengenezwe" si azimio. "Mkutano umeazimia kamati ya watu watano ipime korongo na ilete vipimo ofisini ifikapo tarehe fulani" ndilo azimio.

Baba Daudi: Na ujenzi ukianza, nani anashika hela?

Mwenyekiti: Kwa fosi akaunti, yaani ujenzi tunaousimamia wenyewe bila mkandarasi, kunakuwa na kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Anayenunua simenti asiwe anayeipokea, na anayepokea ahesabu mifuko kwenye gari kabla haijashushwa, si stoo. Hati ya kupokelea isainiwe papo hapo. Mwenyekiti asiwe kwenye kamati yoyote kati ya hizo. Akiwemo, atakayelalamika atalalamika kwa nani?

Dereva Boda: Mwenyekiti naomba kuuliza nje ya mada. Barua ya mtaa ya kufungulia akaunti ni shilingi ngapi? Mtaa wa pili wanachukua 5,000.

Mtendaji wa Mtaa: Barua ya utambulisho ni bure. Njoo na kitambulisho na mjumbe wa eneo lako akutambue. Malipo halali ya Serikali yana kumbukumbu namba au stakabadhi ya mashine. Kama ni mkononi na hakuna karatasi, usitoe.

Dereva Boda: Na ile asilimia kumi ya kuuza kiwanja?

Mwenyekiti: Haipo kisheria. Mwenyekiti wa mtaa anathibitisha anamjua muuzaji na mipaka. Hagawi ardhi. Huku mjini upimaji na umilikishaji ulikuwa wa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mpaka ilipovunjwa Mei 2017, kazi zikaenda halmashauri, ambayo ndiyo Jiji tangu Aprili 2018. Mtu akikuuzia kiwanja kwa barua ya mwenyekiti peke yake bila kupita Idara ya Ardhi kuona ramani na jina la mmiliki, amekuuzia karatasi.

Mama Neema: Lakini shemeji yangu Bahi amepewa shamba na mwenyekiti.

Mwalimu Mstaafu: Huko ni kijiji, dada. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi, na ugawaji unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hata huko si mwenyekiti peke yake. Kijiji pia kinaweza kutunga sheria ndogo, mtaa hauwezi. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa anayetangaza faini ya kutupa taka kwa kichwa chake anatafuta kesi.

Baba Daudi: Basi kumbe ni kiti kidogo sana. Kwa nini watu walipigana vile kwenye uchaguzi wa Novemba 2024?

Mwenyekiti: Ni kidogo kwa fedha, mshahara haupo kabisa. Lakini ndiyo ofisi pekee ya siasa ambayo mtu anaifikia kwa miguu, na kandambili. Waziri yuko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ila anayegongewa geti saa sita usiku kwa ajili ya kibali cha mazishi au mtoto aliyepotea ni mwenyekiti. Na mgombea binafsi hatuna, kila mmoja analetwa na chama. Shida inaanza mtu akishaapa akabaki na shati la kampeni: orodha ya kaya masikini inaanza kunusa kadi ya chama, na mikutano inahudhuriwa na upande mmoja. Mkutano wa mtaa wenye upande mmoja hautoi hata mchango wa mawe. Mapato na matumizi yasomwe kila robo mwaka, yabandikwe ubaoni, na waliokupinga ndio wasome kwanza. Wao ndio wakaguzi wa bure.

Mama Lishe wa Kona: Na mke wa mwenyekiti je? Yeye ndiye anapokea wageni wote.

Mwenyekiti: Hilo ni kweli na haliandikwi popote. Familia ya mwenyekiti inageuka mapokezi. Dawa ni ndogo tu: mhuri na daftari visilale nyumbani, siku na saa za ofisi ziandikwe getini, na dharura zitajwe kwa majina: msiba, moto, mgonjwa, mtoto, uvamizi. Barua ya benki si dharura. Na ugomvi wa mke na mume usisikilizwe sebuleni kwa mwenyekiti. Uende ofisini, akiwepo mjumbe mwanamke, au kwa ustawi wa jamii. Kukiwa na kipigo ni dawati la jinsia polisi, hakuna kupatanisha.

Jirani Mhandisi: Kabla hatujasahau: kuna ukuta mpya umesogea hadi kwenye kingo za korongo. Ukibaki pale hata drifti haitapona, maji yatabanwa.

Mwenyekiti: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Korongo la msimu linahesabiwaje pale, wapimaji na ofisa mazingira wa Jiji wataamua. Mimi sina mamlaka ya kubomoa, na mwananchi yeyote asiende na nyundo. Kama jirani anaona mpaka wake umeingiliwa, aanze Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza linasuluhisha tu, haliamui. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30 anapewa cheti, ndipo anaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanaoruka moja kwa moja huwa wanarudishwa, na ada imeshalipwa.

Mama Neema: Haya. Mkutano lini?

Mtendaji wa Mtaa: Jumamosi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, uwanja wa shule. Ajenda mbili: vipaumbele vya bajeti, na kamati ya kupima korongo. Tangazo linabandikwa kesho ofisini, dukani kwa kona na msikitini. Kanisani Jumapili litasomwa.

Fundi Ujenzi: Mimi nitakuja na tepu ya mita 50. Tunahitaji kamba, vigingi nane na rula ndefu ya kupimia kina.

Jirani Mhandisi: Pima sehemu tatu: juu ya barabara maji yanakotoka, barabarani, na mita kumi chini yake maji yanakoelekea. Tafuta pia alama ya maji ya mwaka jana kwenye shina la mwembe, takataka zilizonasa zinaonyesha yalipofika.

Baba Daudi: Kipaza sauti kiko kwa nani? Kile cha msiba wa juzi.

Mama Lishe wa Kona: Kipo kwangu. Betri imekufa, leteni nne kubwa.